Mkanda Nisiouchoma

Rukia mwanangu,

Assalaam alaykum. Usile kwanza. Wali uko kwenye sufuria, umefunikwa, hautatoroka. Kaa hapo hapo kwenye kiti cha kompyuta, ndiyo maana barua nimeiweka juu ya kibodi na si ndani ya begi lako, na usome mpaka mwisho kabla hujaniita. Ukiniita katikati ntakuja, nikija ntalia, na nikilia sitasema. Najijua.

Habari za sweta, za pilipili ya kusaga, za kutopokea mzigo wa mtu usiyemjua uwanja wa ndege, hizo sikuandikii. Nimekwambia mpaka masikio yamekuota sugu. Nakuandikia jambo moja tu, nalo ni ile picha ya mwanamke anayecheza.

Umeikumbuka. Juma lililopita ulikuwa umeshamaliza albamu zote, hata ile iliyoliwa na mende pembeni, kila picha umeilaza kwenye kioo cha skana na kuifunika, na ile taa yake ikipita chini polepole. Mimi nilifurahi, wallahi. Nilimwona marehemu babako kwenye kompyuta amevaa suruali pana kama gunia, nikacheka mpaka nikaegemea ukuta. Mkebe wa biskuti uliokuwa chini ya kitanda changu sikuuficha, kwa sababu nilidhani mashine yako inasoma karatasi tu. Ndani ya mkebe hamkuwa na karatasi. Mlikuwa na negativu, zile filamu nilizokuwa nikizisafisha mwenyewe zamani, ambazo nyeupe yake ni nyeusi na nyeusi yake ni nyeupe. Nikajiambia, nani wa siku hizi atakayejua kuzisoma?

Kumbe wewe si mtoto wa kushindwa na kitu. Ukauacha wazi mfuniko wa skana, ukaweka mkanda juu ya kioo, ukaufunika kwa karatasi nyeupe, na juu ya karatasi ukaning'iniza taa yangu ya kushonea. Halafu nikasikia, "Ma! Njoo uone! Negativu zinatoka!"

Nilikuja na mwiko mkononi. Picha ilikuwa ikishuka kwenye kompyuta mstari kwa mstari, maana mashine yako nayo ni mzee mwenzangu. Zikatoka nywele kwanza, nyeupe. Kikatoka kipaji cha uso, cheusi. Wewe ukasema, "Ala, huyu jini au mtu?" Ukacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu macho yangu yamezoea kusoma negativu, na kabla pua haijatoka nilikuwa nimeshamjua. Nikaomba stima ikatike. Stima ya Timbwani hukatika siku mtu anapiga pasi nguo za Idi, lakini siku hiyo haikukatika. Zikatoka nyusi, yakatoka macho, kikatoka kile kinywa kilicho wazi kwa kicheko. Ukabonyeza kitu, nyeusi ikawa nyeupe, na shoga yangu akatutazama kichwa wazi, gauni la maua, mkono mmoja juu, kama aliyeingia mlangoni sasa hivi.

Ukaniuliza, "Ma, huyu nani?"

Nikasema, "Simjui. Mtu tu wa arusini."

"Mbona ana mwanya kama wa Mwalimu Zuhura?"

Nikakukemea. Nikasema mianya ni ya watu wote, na nenda ukatazame mchuzi unaungua. Mchuzi haukuwa ukiungua, Rukia. Haukuwa hata jikoni, nilikuwa bado nachambua mchele. Wewe ukaenda jikoni, ukarudi, ukaendelea na kazi yako. Una adabu, na adabu yako siku ile ilinichoma kuliko kama ungenijibu.

Ni Mwalimu Zuhura. Ni yeye aliyekufundisha alifu chuoni kwake, chuo cha Kurani, unayemjua kwa buibui na miwani, ambaye hata sisi wanawake wenzake hajatuonyesha nywele zake kwa miaka. Na picha ile niliipiga mimi.

Wewe ulikuwa na miaka mitano. Babako alikuwa melini, na safari moja akaniletea kamera. Timbwani yote hakukuwa na mwanamke mwengine mwenye kamera, na unajua siku ya kupamba bibi arusi haingii mwanamume, hata wa kubeba viti. Wanawake wamo humo vichwa wazi, wamejipamba, wanacheza, wanajiachia. Kila mmoja anataka picha yake, na hakuna hata mmoja anayetaka kijana wa studio aione. Basi nikawa mimi ndiye mpigaji. Nikajifunza kusafisha filamu mle stoo tunamoweka makaa, na taa nyekundu na mabeseni matatu niliyokukataza kuyagusa, unayakumbuka, ukasema yananuka siki.

Nilikuwa na kanuni yangu, na watu waliniita kwa ajili ya kanuni hiyo. Picha nikishazitoa nampelekea mwenyewe, mkononi, na negativu naenda nazo. Tunakaa mbele ya jiko la makaa. Namuuliza, "Nichome?" Naye husema, "Choma." Nautia mkanda motoni, unajikunja, unatoa harufu mbaya, basi. Imekwisha. Mwanamke anabaki na picha yake, na duniani hakuna tena mahali pa kutoa nyengine. Hata mabibi wakubwa waliokuwa wakiona kamera ni mambo ya kizungu walisema Mwanaidi ana amana.

Arusi ya mdogo wangu, khale yako Khadija, Zuhura alicheza. Alikuwa na miezi minane tangu aolewe, mumewe akimpenda, yeye mwenyewe amejaa raha. Nikampiga picha moja, nyuma yake ukuta mtupu. Hiyo hiyo moja. Nilipoiona ikitokea kwenye beseni nilikaa chini. Sijapata kupiga picha nzuri kama ile, si kabla wala baadaye. Nilijivuna, mwanangu. Huo ndio ukweli wenyewe, sina haja ya kuupaka poda. Niliona ni yangu. Yeye ni yake sura, mimi ni yangu picha.

Nikaenda kwake na mkanda mwengine, mbovu, ulioingia mwangaza. Nikamuuliza, "Nichome?" Akasema, "Choma, shoga." Nikachoma ule mbovu mbele ya macho yake, na yeye akiziba pua kwa leso na kucheka. Mkanda wa kweli ukarudi mkebeni. Na picha moja ya ziada nikaitia ndani ya kitabu changu cha mapishi, niwe naitazama.

Mjomba wako Salim ndiye aliyefungua kitabu cha mapishi. Alikuwa akikaa kwetu, kijana, hajaoa, anatafuta nilikoficha halua nyuma ya vitabu. Akaiona picha, akaichukua, hakuniambia. Akaenda nayo kazini bandarini, akawaonyesha wenzake kwa mbwembwe, ati huyu ananipenda. Utani wa kijinga. Ikapita mkono kwa mkono mpaka ikafika kwa mume wa Zuhura, na kufikia hapo hakuna aliyekiri ilikoanzia.

Sasa sikiliza hapa, maana hapa ndipo nilipofanya nisilolisamehe. Picha kuvuja ni makosa ya kijinga. Lakini Zuhura alipoulizwa, hakunitaja kwa ubaya. Alisema, "Mimi nimepigwa picha na Mwanaidi peke yake, ile moja aliyonipa niliichana mwenyewe kwa hofu, na mkanda wake ulichomwa nikiona." Ndipo watu wakasema, kama wa Mwanaidi ulichomwa, basi hii imepigwa na nani? Ukuta mtupu, mwanamke peke yake, kichwa wazi, anacheka. Kuna mwanamume nyuma ya kamera. Uaminifu wake kwangu ndio uliomfunga.

Wazee watatu wakaja hapa nyumbani. Wakakaa kwenye mkeka chumbani kwangu, maana sebule ilikuwa inapakwa chokaa, na Zuhura yuko nyuma ya pazia na mamake. Mkubwa wao akaniuliza kwa upole kabisa, "Bi Mwanaidi, mkanda ule ulichoma?"

Mkebe ulikuwa chini ya kitanda. Ningenyoosha mkono ningeufikia. Na katika mkanda ule ule, picha inayoifuata ile ya Zuhura ndiyo uliyoicheka wewe juma lililopita, ukasema, "Ma, wewe huyu kwenye kioo, na kamera yako!" Ndiyo. Kioo cha kabati la Khadija, mimi ndani yake na kamera usoni, na pembeni mkono wa Zuhura tu, bangili zake na lile gauni la maua. Nambari zinafuatana ukingoni mwa filamu, mtoto mdogo angezisoma. Kama ningeutoa mkebe ule, maneno yangekwisha kabla chai haijapoa. Wangejua kamera ilikuwa mikononi mwa mwanamke, ndani ya chumba cha wanawake.

Nikasema, "Nilichoma."

Na nyuma ya pazia Zuhura akasema, "Wallahi kweli, alichoma mbele yangu."

Wazee wakatazamana. Wakanywa chai yao, wakaondoka. Siku ya tatu akapewa talaka yake.

Usiniulize kwa nini, kwa sababu nimejiuliza mwenyewe na kila mwaka napata jibu jengine. Nilisema nalinda jina langu, nani ataniita tena arusini. Nilisema namlinda Salim, mume wa Zuhura angemuua. Salim alijua alikoitoa picha, nami nikajua kuwa anajua, na mpaka leo hatujaizungumza, tunapeana mikono tu na kuulizana habari za watoto. Lakini sababu zote hizo nilizitunga baadaye. Siku ile, pale mkekani, niliogopa tu. Niliogopa nyuso za wazee watatu na shoga yangu nikamwacha azame.

Kamera niliiuza. Wewe uliambiwa iliharibika. Zuhura hakuolewa tena. Wachumba walikuja, wakauliza uliza mitaani, wakarudi walikotoka. Akafungua chuo. Nikakupeleka wewe kwake, wa kwanza kabisa, nikidhani nafanya wema. Hebu fikiria ukafiri wa moyo wangu: nilimpa mwanangu amfundishe kusema kweli.

Na leo. Leo asubuhi nimeona umefunga disketi kwenye bahasha mbili. Moja yako, moja umeandika "Mjomba Salim" kwa ile kalamu yako ya buluu, na disketi ya juu inasema "Arusi ya khale Khadija". Kesho saa nne Salim yuwaja na gari kukupeleka uwanja wa ndege. Utampa bahasha, atakwenda nayo Kiembeni, ataifungua mbele ya mkewe na wanawe wanne wanaume, na Zuhura atacheza mbele yao kichwa wazi, mara ya pili. Safari hii hakuna jiko la makaa. Nimekaa mbele ya kompyuta yako tangu ulipotoka kwenda Magogoni kumuaga bibi yako, nimenyoosha kidole nikakirudisha. Sijui pa kubonyeza. Zamani kufuta kitu nilijua. Sasa hata uovu wangu mwenyewe siwezi kuufikia bila ya wewe.

Ningeweza kuzitupa bahasha zote mbili baharini. Nilishazishika. Ningekwambia zimeibwa, na wewe ungeniamini, kama Zuhura alivyoniamini. Hapo nikasikia sauti yangu mwenyewe inasema "Nilichoma", nikazirudisha mezani.

Sasa inaadhiniwa alasiri. Naacha kalamu. Naenda kwa Zuhura na mkanda wenyewe. Kama sikurudi na ngozi, ujue imebaki kule.

*

Nimerudi. 

Nilimkuta anakunja nguo. Akanikaribisha kwa furaha, na neno lake la kwanza, "Rukia alikuja asubuhi kuniaga. Amenibusu mkono. Umelea, Mwanaidi." Nilitamani nigeuke nikimbie. Nikakaa. Nikamwekea mkanda mapajani.

"Nini hii?"

"Ni wewe."

Akainuka akaenda dirishani, akauinua mbele ya mwangaza, akavua miwani akavaa tena. Nilimwona anatafuta. Kisha akajiona.

"Huu si uliuchoma?"

"Nilichoma mwengine."

Akapitisha kidole ukingoni, nambari kwa nambari. "Na huyu wa kwenye kioo?"

"Mimi."

"Siku waliyokuja wazee, ulikuwa nao?"

"Nilikuwa nao. Chini ya kitanda. Pale pale."

Akacheka, Rukia. Kicheko kifupi, na mwanya wake ule ule. "Lo! Na mimi nikakutolea ushahidi. Nyuma ya pazia, kwa jina la Mungu, nikakutolea ushahidi wewe!" Halafu akakaa kitandani, akafunika uso kwa ile nguo aliyokuwa akiikunja, akalia, na mimi sikuthubutu kumgusa. Nililia peke yangu kwenye kiti. Wanawake wawili watu wazima, chumba kimoja, kila mtu na kilio chake.

Nilikuwa nimechukua kiberiti. Nikakitoa. Nikamuuliza kama zamani, "Nichome?"

"Thubutu!" Akanipokonya kiberiti akakitupa uvunguni. "Uchome tena? Ukiuchoma huu nitabaki na nini? Mimi miaka yote sina shahidi, leo shahidi amekuja kwa miguu yake, unataka umuue?" Akaukunja mkanda kwenye pembe ya leso yake, akaufunga fundo, akautia kifuani. Hatanirudishia, nami sitaudai.

Nikamwambia habari za skana na bahasha. Nilidhani atapiga mayowe. Akanisikiliza kama anavyowasikiliza wanafunzi wake wakikosea, akasema, "Mwambie Rukia mimi anifute. Kote. Uso wangu usiende Ulaya, wala usiende kwa Salim. Lakini huyo wa kwenye kioo asimguse. Huyo nataka Salim ampate."

Nikamwomba radhi. Nilipiga magoti, na magoti yangu unayajua. Hakusema ndiyo, hakusema la.

"Salim yuwaja saa ngapi kesho?"

"Saa nne."

"Ntakuja saa tatu. Nawe utasema mbele yake na mbele ya mtoto, kama ulivyosema mbele ya wazee. Halafu tutaizungumza hiyo radhi."

Basi, mwanangu, ndivyo ilivyo. Kesho ukitoka chumbani na begi lako utamkuta mwalimu wako sebuleni. Usishtuke. Mbusu mkono kama kawaida yako. Salim akibisha hodi mfungulie, na usimharakishe kupakia mizigo. Kaa usikie. Nitakuwa naogopa kama nilivyoogopa siku ile, labda zaidi, kwa sababu wazee watatu walikuwa watu wa nje, na wewe ni wewe. Nikianza kuzungusha maneno, nikoholee.

Sikukwambia haya ili nikupe funzo la kubeba safarini. La kuvunda halina ubani, na mimi nimefukiza ubani nyumba hii miaka yote ukidhani ni harufu ya mamako. Nilitaka tu uondoke unajua ni nani anayekuaga.

Desturi ni wewe kesho unishike mikono uniombe radhi kabla ya safari. Yangu unayo tangu ulipokuwa tumboni, usihangaike nayo. Yako ndiyo ninayoingojea, na sikulazimishi uitoe kesho. Hata ukiitoa kwa barua kutoka huko, nitaipokea.

Sasa washa kompyuta. Anza na ya kwako, kisha disketi ya Salim, kisha humo ndani kwenyewe. Tazama mara mbili asibaki popote. Ukimaliza niite, nipo jikoni, nitakupashia wali.

Mwalimu wako mfute. Mimi usinifute.

Mamako,
Mwanaidi